Barua ya Jumapili

Laban Khaemba alikuwa mtu wa Ijumaa. Siku nyingine zote za juma zilikuwa mali ya nyumba aliyoiendeshea gari, kule Umm Salal, nje ya Doha: alfajiri kuwapeleka watoto shule, mchana kuwarudisha, jioni kumpeleka mama mwenye nyumba kwa dada zake, na katikati ya hayo yote kungoja. Kazi ya dereva wa nyumbani ni kungoja. Kuendesha ndiko kupumzika. Lakini Ijumaa asubuhi alikuwa na ruhusa. Alikwenda kuomba pamoja na Wakenya wenzake, maana huko hata ibada imehamia Ijumaa, siku ambayo matajiri wamelala, kisha akarudi chumbani kwake kando ya geti, akalitundika shati la kanisa, akaketi kitandani na ubao wa kukatia mboga magotini, akamwandikia mwanawe barua.

Barua ya kweli, ya kalamu na karatasi. Juu upande wa kulia aliandika mahali, na chini yake siku, kama alivyofundishwa katika darasa la saba, ambalo ndilo lililokuwa darasa lake la mwisho: Doha, Ijumaa. Halafu akaruka mstari. Mengine yote aliyoyajua aliyapata mwenyewe, katika vitabu vilivyotupwa na shule moja ya misheni huko Kitale alikokuwa mfagizi, kimoja hakina mwanzo, kingine hakina mwisho, na pengine ndiyo maana barua zake zilikuwa na mwanzo mrefu na mwisho mrefu.

Vijana wa Doha walimcheka. "Mzee Laban, si umrekodie tu sauti?" wakamwambia. Laban hakuwajibu, na alifanya vyema. Zamani mtu akisafiri aliondoka kweli, na waliobaki walijua maana ya kumkosa. Neno lake lilipofika lilifika limechoka njia, likakaribishwa, likasomwa mara ya kwanza kimya na mara ya pili kwa sauti, likawekwa chini ya godoro. Siku hizi kila mtu anasema na kila mtu kutwa nzima na hakuna aliyeambiwa kitu. Mtu atakufa ameacha maelfu ya jumbe katika simu isiyofunguka, na watoto wake hawatakuwa na hata ukurasa mmoja wa mkono wake.

Isitoshe, Levis hakuwa na simu. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Bungoma, na katika shule hiyo simu ya mwanafunzi ikikamatwa ilipondwa kwa jiwe mbele ya wenzake wote. Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyobaki. Na kwa kuwa posta imekuwa mahali pa kulipia mambo mengine, barua za Laban zilisafiri kwa mkono. Watu wetu walioko Doha bado wana desturi hii moja nzuri, labda ya mwisho waliyobaki nayo: anayekwenda likizo hakatai bahasha ya mwenzake. Ila ina sharti lake. Bahasha hutolewa wazi. Hakuna mwenye akili atakayepita na kitu kilichofungwa katika uwanja wa ndege wa watu, asijue amebebeshwa nini. Basi anayebeba hufungua mbele yako, hutoa karatasi, huikunjua, huitikisa, na akipenda huisoma. Wengi walipenda. Mawaidha ya Laban kwa mwanawe yalikuwa yakijulikana kuanzia Al Rayyan hadi Al Thumama, na kuna walinzi wa mahoteli waliokuwa wakiyatumia kwa watoto wao wenyewe bila hata kumtaja.

Yalikuwa mawaidha ya kizamani. Kaa mstari wa mbele darasani. Usile cha mtu usiyejua kwao ni wapi. Nguo ya ndani ifue mwenyewe hata kama kuna wa kukufulia. Barua yangu usiitupe hata moja. Na mara ya kwanza kabisa, Levis alipoingia kidato cha kwanza na kupigana na mwenzake juu ya ndoo, baba yake alimwandikia hivi: "Neno la hasira, liwe lako au la mtu mwingine, lilaze mpaka Ijumaa. Likiwa bado lina maana siku hiyo, litende. Mimi hufanya hivyo na watu wa hapa, ndiyo maana bado nina kazi."

Shida ya Levis ilikuwa kwamba alitii. Alitii kupita kiasi. Alipoambiwa akae mbele alikaa mbele, na kwa kuwa ni mrefu kama nguzo, walio nyuma hawakuona ubao. Mwalimu alipomwambia arudi nyuma, alimpelekea barua ya baba yake aisome. Siku ya kutembelewa, Nasimiyu, mama yake, alicheleweshwa na gari, akamkuta kijana ameketi katikati ya wenzake wanaokula chapati na kuku, yeye midomo mikavu, kwa sababu hakuwa na hakika kwao ni wapi.

"Baba Levis," Nasimiyu alimwambia Laban kwa simu, "punguza maneno katika hizo barua. Huyu mtoto anayashika yote."

"Si ndiyo ya kushikwa?"

"Sawa. Lakini siku moja utaandika upuuzi, na huo pia ataushika."

Laban alicheka. Upuuzi hakuwahi kuandika.

Ilikuwa Jumapili. Alikuwa amewashusha watoto wa nyumba shuleni kwao, na sare zao na mikoba yao ya magurudumu, akaegesha gari mahali madereva wanapongojea. Alipiga honi mbele ya kibanda cha chai, akaletewa karak yake dirishani, akafungua simu atazame habari za nyumbani. Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa imewekwa na Dedan, mtoto wa mdogo wake, yule aliyeacha shule akiwa kidato cha pili akanunuliwa pikipiki na mjomba. Pikipiki yenyewe ilikuwa pale pale katika picha, imeng'arishwa, ina vishada vya rangi kwenye usukani. Na juu ya pikipiki alikuwa ameketi Levis.

Levis, amevaa shati la kitenge. Levis, ana miwani ya jua. Mguu mmoja chini, mmoja juu, kama mtu aliyezaliwa hapo. Chini Dedan alikuwa ameandika: Mimi na bro. Maisha ni leo.

Laban aliinua macho akawatazama watoto wa watu wanaingia langoni, mmoja mmoja, wamepangwa. Siku ya shule. Saa ya masomo. Na wa kwake yuko juu ya pikipiki na miwani! Kila kitu alichokuwa akikiogopa tangu aondoke nyumbani kilikuwa kimekaa pale, kinamchekea. Hakumpigia Nasimiyu. Alijua Nasimiyu angemtetea, kama alivyomtetea siku zote, na hakutaka kutulizwa. Kulikuwa na daftari la mafuta kwenye sanduku la mbele ya gari. Alirarua ukurasa, akauweka juu ya usukani, akaandika.

Aliandika "Doha, Jumapili", mkono ukijiendea wenyewe, halafu akaandika yaliyomjia. Kwamba ameona, na Levis asijisumbue kutafuta maneno. Kwamba yeye amekuwa akila mavumbi ya jangwa ili mtu mmoja katika ukoo wao amalize shule, na mtu huyo amechagua pikipiki. "Basi ukipata karatasi hii, kunja godoro lako, kabidhi vitu vya watu, utoke hapo. Usimpotezee mwalimu wakati. Panda hicho ulichokipenda. Wala usiniandikie, kwa maana mimi sikuzaa mwendesha bodaboda." Chini, mahali ambapo siku zote aliandika "Mimi baba yako", aliandika Laban Khaemba, kama mtu anayetia sahihi kupokea mzigo.

Mchana ule, baada ya kuwarudisha watoto, aliomba nafasi kidogo akaenda Al Thumama alikokuwa akiishi Douglas, mlinzi mmoja wa kwao aliyekuwa anasafiri jioni hiyo. Douglas alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku, anajaribu kulifunga kwa uzito wa mwili wake.

"Mzee Laban! Nilijua utakuja. Lete mawaidha ya wiki hii, nipate cha kusoma kwenye ndege." Aliipokea bahasha akaigeuza. "Ah. Mzee, umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Lakini si unajua vile tunafanyaga."

"Hiyo si ya kusomwa na watu, Douglas. Ni karatasi moja tu. Ipapase."

Douglas aliipapasa, akaiinua kwenye mwanga wa taa, akamtazama mzee usoni. Kama angekuwa mtu mwingine angekataa. Lakini huyu alikuwa ni Laban, aliyempokea siku ya kwanza alipofika Doha akiwa hajui hata pa kununua sabuni. Aliitia katika mfuko wa koti.

"Kesho kutwa asubuhi itakuwa mkononi mwake," akasema. "Shule iko njiani kwangu."

Jumatatu Laban hakula. Aliosha gari lililokuwa safi. Jumanne, baada ya kuwashusha watoto, alirudi nyumbani kuchukua nguo za kupeleka kwa dobi, akapitia mlango wa nyuma wa jikoni. Humo alikuwamo Akinyi, mpishi wa nyumba, Mjaluo wa Siaya mwenye mdomo usiojua kufungwa, na aliyekuwa rafiki yake wa pekee katika nyumba ile. Alikuwa anamenya vitunguu.

"Baba Levis, njoo hapa. Jana umerudisha sahani kama ilivyotoka. Leo nimekuwekea uji, umeuacha unaota ngozi. Ni chakula changu kimeharibika ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa."

Akinyi aliweka kisu chini. Alimtoa maneno moja moja, kama anayetoa miiba. Laban akamwambia habari za pikipiki, miwani na barua. Alipomaliza alimwonyesha picha, ambayo alikuwa ameihifadhi katika simu ili aendelee kuumia nayo. Akinyi alijipangusa mikono kwa aproni, akaishika simu mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia Laban.

"Hii ilipigwa siku gani?"

"Siku hiyo hiyo. Juzi. Jumapili asubuhi, saa ya masomo, nikiwa nje ya shule ya hawa watoto."

"Jumapili."

"Ndiyo, Jumapili."

"Baba Levis. Kwetu Jumapili watu huenda wapi?"

Laban alisogea kuitazama tena picha.

"Yawa!" Akinyi akapiga makofi. "Hawa akina mama nyuma wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, wanaenda kulima? Na huu msalaba hapa juu ya bati, ni wa posho mill ya mahindi? Na huyu kijana mwingine hapa pembeni, mbona ana shati la kitenge sawasawa na la Levis? Na huyu mwingine? Hii ni kwaya, mzee. Hii ni kwaya ya shule imekuja kanisani! Umekaa nchi za watu mpaka umeisahau Jumapili?"

Laban aliichukua simu. Vitambaa vilikuwepo. Msalaba ulikuwepo. Vijana wengine wenye vitenge walikuwepo, wawili na nusu ya wa tatu, na nyuma yao mwanamume mwenye tai na mwavuli ambaye hangeweza kuwa kitu kingine duniani isipokuwa mwalimu. Vyote vilikuwa pale tangu juzi. Yeye alikuwa ameona pikipiki peke yake. Miaka yote ile ya kuamka Jumapili kupeleka watoto wa watu shule, na Ijumaa kuimba nyimbo za Jumapili, ilikuwa imemgeuza ndani bila kumwambia.

Akaketi juu ya ndoo ya mchele.

"Si umpigie tu aliyebeba," Akinyi akasema, sasa kwa upole. "Amwambie mtoto asiisome."

"Laini ya Douglas ni ya huku. Imezimwa. Ya nyumbani siijui."

"Mpigie mama yake."

Nasimiyu alikuwa amekwenda matangani juu kwenye mlima, kwa shangazi yake, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu jana yake. Namba ya shule aliyokuwa nayo Laban ilikuwa ya mwalimu mkuu wa zamani. Mtu aliyepokea alikuwa kwao Kitui, amestaafu, alifurahi sana kupigiwa na mzazi, na alimtakia kila la heri. Wakati huo wote Laban aliona jambo moja tu mbele ya macho yake: Levis anakunja godoro. Mtoto mwingine angelia, angekasirika, angeitupa karatasi. Levis angeitii. Angekabidhi ndoo, angekabidhi vitabu, angemwonyesha mwalimu barua ya baba yake, na angetoka langoni na godoro kichwani, na kijana akishatoka hivyo harudi. Laban aliwajua waliotoka hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka hivyo.

"Sasa amebaki nani?" Akinyi akauliza.

Laban alitafuta jina katika simu. Alijua nani amebaki. Alikuwa hajawahi kumpigia simu tangu aache shule, na salamu zake alikuwa akizipokea kwa kukohoa.

"Baba mkubwa?" Dedan aliitika mara ya kwanza tu, kwa sauti ya mtu aliyesimama wima ghafula. "Ni wewe kweli? Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna. Dedan, mwanangu. Iko wapi hiyo pikipiki yako?"

"Nimeikalia. Niko na mteja, nampeleka soko."

Laban alimweleza, kwa kifupi kuliko alivyowahi kueleza jambo lolote maishani. Dedan akasema taratibu, "Kwa hivyo ulifikiria nimemtoa shule."

"Nilifikiria hivyo."

"Walikuja kuimba kanisa la hapa kwetu, baba mkubwa. Mwalimu aliwapa dakika chache za kusalimia watu. Miwani ni yangu."

"Najua sasa. Nimekosa. Washa pikipiki."

Sauti ya mwanamke, yule mteja aliyekuwa akisikiliza yote, ikadakia, "Twende basi, huyo mtoto atafukuzwa bure! Kabichi zangu zitangoja!" na mlio wa injini ukafunika mengine.

Laban alifika nje ya shule ya watoto mapema kupita wakati. Alipiga honi kwa mazoea, karak ikaletwa, ikapoa kwenye kishikio. Jua la mchana lilikuwa limeyapausha magari yote yakawa rangi moja. Wakati simu ilipolia aliidondosha, akaitafuta kati ya miguu.

"Tuko getini," Dedan akahema. "Baba mkubwa, tumechelewa. Askari anasema kuna mtu alipita asubuhi na sanduku kubwa, akaacha bahasha, na imeshapelekwa."

Laban aliikandamiza simu sikioni.

"Lakini anasema hajaona mtu akitoka na godoro. Amekwenda kumwita. Nimemwambia ni mambo ya familia." Kisha, kwa mbali, "Mama, shuka basi unyooshe miguu." Na sauti ya yule mwanamke, "Sishuki mpaka nimwone huyo kijana."

Kungoja kule Laban hakukufahamu, ijapokuwa kungoja ndiyo kazi yake. Alisikia lango likigongwa. Alisikia kuku. Halafu akasikia sauti nene, nene kuliko alivyoikumbuka, ikiuliza, "Ni baba?"

"Levis."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Levis, ile barua. Umeipata?"

"Nimeipata asubuhi."

"Umeisoma?"

"Ndiyo."

"Godoro liko wapi?"

"Nilikuwa nimelikunja," Levis akasema. "Nikaenda kwa kabati kutoa zile barua zingine, niziweke kwa sanduku. Nikaona kitu. Zote umeandika Ijumaa, baba. Hata ile ulipokuwa mgonjwa. Hii peke yake ni Jumapili."

Laban aliushika usukani.

"Na ile ya kwanza kabisa ulisema neno la hasira, hata kama ni la mtu mwingine, nililaze mpaka Ijumaa. Nikasema basi hili ni la hasira, maana hukuandika 'Mimi baba yako'. Nikalikunjua godoro. Nikaenda darasa. Nilikuwa nangoja Ijumaa, ndiyo nijue kama unanifukuza kweli."

Mwanamke wa kabichi alisema jambo kwa Kibukusu ambalo lilimfanya hata askari acheke. Laban alitaka kucheka pia, na kicheko kilitoka, lakini kilitoka na vitu vingine. Alijiegemeza kwenye kiti. Hewa ya kiyoyozi ilimpiga usoni na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alihisi baridi yake, akahisi njaa, njaa kali ya kijinga, akaikumbuka ile karak, akainywa yote ikiwa baridi na ikamwingia kama kitu kilichopikwa na mama yake.

"Sikufukuzi," akasema. "Umesikia? Hata Ijumaa ikifika sikufukuzi. Mimi ndiye niliyekosea siku. Nilidhani Jumapili ni ya shule."

"Nilifikiria hivyo," Levis akasema, na ndani ya sauti ile nene palikuwa na mtoto anayejizuia kucheka. "Mama husema huko mmegeuza juma juu chini."

"Mmeimba nini?"

"Baba?"

"Huko kanisani. Mliimba nini?"

Levis alimtajia. Ulikuwa wimbo ambao Laban naye alikuwa ameuimba Ijumaa iliyopita, akaona kwamba walikuwa wameuimba pamoja, ila kwa kupishana siku mbili.

"Ile karatasi ichome," akamwambia.

Jogoo akawika upande wa pili.

"Levis?"

"Baba, ulisema barua yako nisitupe hata moja."

"Sasa nakwambia uichome."

"Kwa simu?" Levis akauliza kwa heshima, lakini aliuliza. "Ile iliandikwa. Si uniandikie basi, ndiyo nichome."

Hapo Laban alicheka mpaka dereva wa gari la jirani akateremsha kioo kumtazama. Askari alikuwa ameanza kulalamika, akisema mwalimu wa zamu anakuja na yeye hajui lolote kuhusu simu. Simu ikarudi kwa Dedan.

"Dedan."

"Naam, baba mkubwa."

"Hiyo pikipiki yako. Inakwenda vizuri?"

Dedan alikawia kujibu, kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia na anakipima mkononi. "Inaenda poa sana, baba mkubwa. Nilibadilisha cheni mwezi uliopita."

"Vizuri. Mfikishe mama soko. Na nyumbani nisalimie baba yako."

Watoto wa nyumba walitoka shule wakikimbia, wakarusha mikoba, wakajipenyeza nyuma. Yule mdogo wa kike aliona macho ya Laban kwenye kioo akamuuliza kwa Kiarabu chake kwa nini ni mekundu.

"Mwanangu yuko shule," Laban akamwambia.

Mtoto alifikiri kidogo. "Hata sisi tulikuwa shule," akasema, akamgeukia kaka yake kugombania maji.

Jioni ile Laban alikula sahani mbili. Akinyi alisimama mlangoni mwa jikoni akimtazama, mikono kiunoni.

"Ningejua unakula hivi ukifurahi, ningekuficha ile picha mapema," akasema.

"Ungeificha vipi na ilikuwa kwangu?"

"Kula, mzee wa Jumapili."

Jina lile lilimganda. Kufikia Alhamisi lilikuwa limefika Al Rayyan, na mlinzi mmoja wa hoteli ambaye Laban hakumjua vizuri alimwita hivyo mbele ya watu. Hakukasirika. Alikuwa mwepesi juma lile kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega yake hayajaamini. Nasimiyu aliporudi kutoka matangani na kusikia yote, alimwambia maneno ambayo hapa hayaandikwi, na hayo pia Laban aliyapokea kama mtu anayemwagiwa maji ya uvuguvugu.

Ijumaa alikwenda kanisani, akarudi, akatundika shati, akauweka ubao magotini. Juu upande wa kulia aliandika Doha, na chini yake, polepole, Ijumaa. Akaruka mstari. Alikuwa amefikiri juma zima maneno ya kuandika, mambo mazito kuhusu hasira na macho ya mtu na ukoo wao, lakini kalamu ilipogusa karatasi aliyaona ni marefu. Aliandika kwamba amemruhusu mwanawe Levis Khaemba kuichoma barua iliyoandikwa Jumapili, na kwamba ruhusa hii ni ya barua hiyo peke yake. Aliandika kwamba wimbo ule sauti ya tatu huanza mapema, watu wengi hukosea hapo, asikilize vizuri. Aliandika kwamba Dedan akija kumsalimia shuleni apokewe kama ndugu, na chakula chake kiliwe, kwa kuwa kwao kunajulikana. Kisha akaandika "Mimi baba yako", akaitazama kwa muda.

Mwenzao mmoja wa Webuye alikuwa anaondoka kesho yake, na alikuwa amepitia jikoni kwa Akinyi kuchukua mzigo. Laban alimpelekea bahasha mle mle. Akinyi aliinyakua kwanza.

"Ngoja nione kama hukufukuza mwingine." Alitoa karatasi, akaikunjua, akasoma midomo ikicheza. Alipofika katikati alikivuta kiti akaketi. "Baba Levis. Umeandika barua ya kuruhusu kuchoma barua?"

"Alitaka ya maandishi."

"Na ati ruhusa ni ya hiyo peke yake!"

"Humjui yule mtoto. Nisipoandika hivyo atachoma zote."

Yule wa Webuye naye aliitaka, akaisoma amesimama, akacheka, akaikunja kwa mikunjo ile ile ya Laban akairudisha katika bahasha. Alimtazama mzee, kumuuliza kwa macho kama angependa sasa ifungwe.

"Iache hivyo hivyo," Laban akasema, akatoka kwenda kulipasha gari moto, maana mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuita.